Tundu la Tatu

Fundi Joldosh amefuta mikono kwa gazeti,
kaniandikia hesabu mbili juu ya boksi la plagi.
Ya kwanza: kuchonga silinda zote nane,
pistoni, ringi, beringi za kranki, gasketi,
na siku zake ishirini.
Ya pili: injini ya Kijapani, ya mtumba,
iko Bishkek sokoni, imekalishwa juu ya tairi
kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.
Ya kwanza, kondoo kumi na wawili.
Ya pili, kondoo kumi na tisa na yule farasi jike wa kahawia.

"Lori ni lako, Sairagul. Mimi nina spana tu."

Ya kale ni dhahabu, husema
wasiowahi kuisukuma dhahabu hiyo
theluji ikiwa magotini.
Inabugia oili kama wakwe wageni wanavyobugia chai,
na moshi wake huwatangulia kondoo wangu malishoni.

Kaka Ermek kapiga simu kutoka Moscow,
nyuma yake nasikia lifti ya ghala ikilia:
"Itupe. Nitatuma nusu."
Nusu ya nini, hakusema.
Mama anapanga mikate, halafu analiambia birika:
"Nusu ya huyu ilizaliwa mle ndani, kabla ya daraja.
Nusu nyingine ndiyo ya hospitali."

Nimejaribu kuhesabu lililobaki la lori lenyewe.
Mlango wa kushoto ulitoka kwenye lori jingine, la bluu.
Kiti ni cha basi la shule, taa moja ya trekta.
Nikiing'oa injini
nabaki na honi, na jina la baba kwenye kadi.

Ndipo Joldosh akalishusha bakuli la oili,
akatia mkono kwenye tope lake,
akatoa kipande cha ngozi, cheusi,
kigumu kama nyama ya kukausha,
na kina tundu moja.

"Mkanda wa suruali," akasema.
"Beringi ikikufia njiani, unakata ngozi,
unaizungushia kranki, unakwenda mwendo wa kinyonga.
Haikufikishi kilomita sitini."

Nilikuwa na miaka tisa.
Baba alirudi kutoka Song-Köl usiku wa pili wa dhoruba,
kondoo wote wazima,
suruali kaifunga kwa kamba ya nyasi.
Tulicheka mpaka mama akamwaga chai.
Hakueleza. Alicheka nasi,
mkono mmoja haukuiachia ile kamba.

Hili ni tundu la tatu, ndilo alilokuwa akifungia.
Limevutika kidogo, kama jicho lenye usingizi.

Nilidhani ngozi itanisemea: tunza.
Nikakaa nayo, oili ikinichafua goti, nikaiuliza.
Nikamwona mtu gizani, mgongo juu ya barafu,
kisu mkononi,
wala haipendi injini hata chembe.
Anaitukana, yenyewe na kiwanda kilichoizaa.
Anataka kufika tu.

"Ya Kijapani," nikasema.
Joldosh akapiga mstari juu ya hesabu ya kwanza
polepole, kama anayemfumba mtu macho.

Farasi aliondoka Jumatano. Hilo siliongelei.

Ofisini karani aliuliza namba ya injini ya zamani.
Naijua kwa moyo.
Aliikata kwa rula.

Leo nimeamka saa kumi alfajiri kama kila siku ya baridi,
nimebeba jiko la moto kwenda kuipasha joto
injini isiyohitaji kupashwa.
Nikageuza ufunguo. Ikawaka.
Hata mbwa hakuinua kichwa.

Nimo ndani ya lori, kioo bado kimeganda,
nina saa nzima mkononi
na sijui niiweke wapi.